Ng'ombe, malori au mkaa: nani anaongoza kwa kaboni nchini Kenya?

*"Hujambo daktari. Mimi ni mama mfugaji na mwanakamati wa mipango ya tabianchi katika wadi moja ya Kaunti ya Kitui. Kwenye mafunzo ya kwanza mwezeshaji alituonyesha mchoro wa duara unaosema kwamba hapa Kenya sekta inayoongoza kwa kutoa kaboni ni uchukuzi. Mafunzo ya pili akaja mwingine na duara lake: kilimo na misitu ndivyo vinavyoongoza, uchukuzi ni kipande chembamba tu. Sasa kamati imegawanyika. Wazee wanasema mbuzi na ng'ombe wetu wanasingiziwa ilhali wenye magari wako Nairobi. Vijana wanasema wa kulaumiwa ni kampuni za umeme na viwanda. Mimi kila jioni naona magunia ya mkaa yakipakiwa kwenye malori, lakini mkaa siuoni kwenye duara lolote. Duara lipi ni la kweli? Mkaa umefichwa wapi? Na sisi wa wadi tuweke nguvu zetu wapi?"*

Mama, maduara yote mawili ni ya kweli, ila kila moja linajibu swali lake. La kwanza limehesabu kaboni dioksidi peke yake, ile inayotokana na kuchoma petroli, dizeli, gesi na makaa ya mawe, pamoja na inayotoka viwandani. La pili limehesabu gesijoto zote, yaani gesi zinazoongeza joto la dunia, methani na naitrasi oksidi zikiwemo, kisha likaongeza ardhi na misitu. Wawezeshaji wenu wangeandika maneno hayo mawili matatu juu ya michoro yao, kamati yenu isingegawanyika. Wengi hawaandiki. Hata ripoti za watu wakubwa utakuta kichwa kinasema "kaboni" na jedwali lenyewe limejaa methani.

Nianze na jinsi tarakimu hizi zinavyopatikana, maana wengi hudhani kuna mtu aliyefunga kipimo kwenye ekzosi za magari. Hakuna. Nchi karibu zote hufuata mwongozo wa jopo la wanasayansi la IPCC, toleo la mwaka 2006, na hesabu yenyewe ni ya kuzidisha: mafuta kiasi gani yamechomwa, mara kaboni kiasi gani iliyomo ndani yake. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Lita ya petroli, kilo 2.3 hivi. Hapo watu hugutuka, kwa sababu lita ya dizeli yenyewe haifiki kilo moja. Uzito wa ziada unatoka hewani. Kila chembe ya kaboni yenye uzito wa 12 hujishikiza na oksijeni yenye uzito wa 32, jumla inakuwa 44. Gari linachoma mafuta na hewa pamoja, na kinachotoka nyuma ni vyote viwili.

Kwa Kenya hesabu hii ya mafuta ni rahisi kuliko unavyofikiri. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kwa hiyo mafuta yanaletwa yakiwa tayari yamesafishwa, yanaingia kwa bandari, yanatozwa kodi, yanaandikwa. Kila mwaka Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, huchapisha kwenye Ripoti ya Uchumi jedwali la mauzo ya mafuta kwa kila aina ya mtumiaji: barabara, ndege, reli, uzalishaji wa umeme, viwanda, kilimo. Hapo ndipo duara la kwanza linapozaliwa.

Uchukuzi unaongoza kwenye duara hilo, lakini si kwa sababu Wakenya wana magari mengi kupita kiasi. Ukigawa kaboni dioksidi yote ya mafuta nchini, takribani tani milioni 20 kwa mwaka, kila Mkenya anapata karibu kilo 400, ilhali wastani wa dunia unakaribia tani 5 kwa mtu. Uchukuzi unaongoza kwa sababu mshindani wake wa kawaida hayupo. Katika nchi nyingi kinara ni umeme. Afrika Kusini, kwa mfano, sehemu kubwa mno ya umeme wao hutoka kwenye makaa ya mawe, na hakuna sekta yao nyingine inayoukaribia. Kwetu karibu asilimia 90 ya umeme hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua. Mitambo ya mafuta mazito ipo, Mombasa na kwingineko, na huwashwa zaidi jioni watu wanapotumia umeme mwingi au mwaka ambao mabwawa yamekauka. Mvuke wa Olkaria nao hupanda na kaboni dioksidi kidogo kutoka chini ya ardhi, ila ni kidogo. Kwa hiyo vijana wenu wasiwaandame watu wa umeme, angalau si kwa kosa hili.

Kwenye viwanda wana hoja kiasi, hasa saruji. Saruji hutoa kaboni mara mbili: mara ya kwanza kwa makaa ya mawe yanayochomwa tanurini, mara ya pili kwa jiwe lenyewe la chokaa, ambalo likichomwa huachilia kaboni dioksidi iliyokuwa imefungwa ndani yake tangu enzi za bahari za kale. Kila tani ya klinka, yaani mawe yaliyochomwa ambayo husagwa kuwa saruji, hutoa zaidi ya nusu tani kwa njia hiyo ya pili pekee, hata kama tanuri lingewashwa kwa jua. Sehemu hii ya pili haiandikwi chini ya nishati, inaandikwa chini ya "michakato ya viwanda", na hapo watu wanaosoma jedwali kwa haraka huipoteza. Tena klinka iliyoagizwa kutoka nje haionekani kabisa kwenye hesabu ya Kenya; imeshaandikwa kule ilikochomwa.

Kabla sijaliacha duara la kwanza, kuna kasoro moja ambayo wazee wenu wangependa kuijua. Mstari wa "barabara" kwenye jedwali la mafuta unajumuisha vituo vyote vya rejareja. Mkulima akijaza kibuyu cha petroli kwa ajili ya pampu ya maji, mwenye mashine ya kusaga unga akinunua dizeli, mvuvi wa Ziwa Victoria akitia mafuta kwenye injini ya mtumbwi, wote wanaandikwa kama magari. Kipande cha uchukuzi kimevimba kidogo kwa ajili yao. Hakijavimba kiasi cha kubadilisha mshindi, lakini mtu asikuambie kwamba ni matatu na magari ya Nairobi peke yake.

Sasa duara la pili, lile linalowaudhi wafugaji. Hapa kuna dhana moja ya kuondoa: pumzi ya ng'ombe haihesabiwi. Kaboni dioksidi anayoitoa puani ilitoka kwenye majani aliyokula, na majani yaliitoa hewani msimu uliopita. Kinachohesabiwa ni methani, inayotengenezwa na vijidudu tumboni mwake anapomeng'enya nyasi, na humtoka zaidi kwa mdomo anapobeua. Mwongozo wa 2006 unakadiria kilo 31 za methani kwa mwaka kwa ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa, na kilo 5 kwa mbuzi. Kwa kipimo kinachotumika sasa chini ya Mkataba wa Paris, kilo moja ya methani huhesabiwa sawa na kilo 28 za kaboni dioksidi kwa muda wa miaka 100. Zidisha: ng'ombe mmoja ni karibu kilo 870 kwa mwaka, sawa na lita 320 hivi za dizeli. Kenya ina mamilioni ya ng'ombe. Ongeza mbuzi, kondoo, ngamia, samadi na mbolea, utaona kwa nini kilimo kinapaa.

Kwenye ahadi yake ya Desemba 2020 ya kupunguza gesijoto, iliyotolewa chini ya Mkataba wa Paris, serikali ilitaja jumla ya gesijoto zote kwa mwaka 2015 kuwa sawa na tani milioni 93.7 za kaboni dioksidi. Linganisha na zile tani milioni 20 hivi za mafuta. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mifugo, mashamba, misitu na taka. Ndiyo maana kipande cha uchukuzi kinakonda: magari hayajapungua, chungu ndicho kimekuwa kikubwa.

Je, wazee wanasingiziwa? Kwa tarakimu, hapana; ng'ombe wanatoa methani. Kwa haki, nadhani wana la kusema. Methani hukaa hewani takribani miaka 12 kisha inavunjika, wakati kaboni ya mafuta hujilimbikiza kwa karne nyingi. Kundi la mifugo lisiloongezeka halilimbikizi joto jipya kama bomba la mafuta lisilofungwa. Kuzigeuza gesi hizi mbili ziwe kipimo kimoja ni uamuzi wa kihesabu, una sababu zake, ila unaficha tofauti hiyo. Lakini upande wa pili nao ni kweli: kwa sababu methani ni kali sana mwanzoni, ukiipunguza leo matokeo yanaonekana mapema. Mimi sipendi kuona jedwali likitumiwa kumsuta mfugaji mwenye mbuzi kumi, wala sipendi kuona likitupwa kwa sababu halikumfurahisha.

Tuje kwenye mkaa, ambao ndio swali lako bora kuliko yote.

Mkaa haukufichwa kwa hila, umegawanywa. Kanuni inasema kaboni dioksidi inayotoka kuni na mkaa vinapoungua jikoni haijumlishwi kwenye nishati. Inaandikwa pembeni, kama taarifa tu. Sababu ni kwamba mti unahesabiwa kuwa umepotea siku ulipokatwa, kwenye sekta ya ardhi na misitu. Ungeuhesabu tena jikoni, ungekuwa umeutoza mti mmoja mara mbili. Mti ukiota tena, kaboni inayorudi shinani inapunguza deni hilohilo la ardhi. Methani na naitrasi oksidi za jikoni na za tanuri ndizo zinazobaki kwenye nishati.

Kwa mantiki kanuni hii ni safi. Kwa mazoea inapotosha sana katika nchi kama yetu. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya hupika kwa kuni na zaidi ya moja katika kila kumi kwa mkaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa zaidi ya kilo 3 za kaboni dioksidi, na kwa kiasi kilekile cha joto inayapita hata makaa ya mawe. Tena tanuri la udongo la kienyeji huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa. Mengine yote yameshapotea kwa moshi kabla gunia halijashonwa. Hayo yote huyaoni kwenye kipande cha "nyumba" kwa sababu yako kwenye kipande cha "misitu". Na kipande cha misitu ndicho chenye tarakimu legevu kuliko vyote. Satelaiti huona msitu ukifyekwa. Mgunga mmoja mmoja unaokatwa kwenye shamba la mtu kule Kitui, leo huu, wiki ijayo ule, hauonekani kirahisi. Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, lakini miti mingi ya mkaa iko kwenye ardhi za watu, na Nairobi haikuacha kupika.

Kuna kioja kimoja kinachotokana na kanuni hii. Mama akiacha mkaa na kununua mtungi wa gesi, kipande cha nishati kinapanda, kwa sababu gesi ya kupikia ni mafuta ya kisukuku, yaani yanayochimbwa ardhini, na inahesabiwa yote. Faida yake inaonekana kwenye ardhi, tena iwapo tu mti aliouacha hautakatwa na mwingine. Mtu anayetazama sekta ya nishati peke yake atasema nyumba ile imechafuka zaidi. Mapafu yake yatamwambia vingine.

Jambo jingine la kuangalia kwenye mchoro wowote ni nani ameandikiwa umeme. Duniani kote, kwa mwaka 2019, IPCC iliweka viwanda kwenye asilimia 24 ya gesijoto zote ukihesabu moshi unaotoka viwandani moja kwa moja. Ukivitwisha viwanda pia umeme na joto vinavyonunua, vinafika asilimia 34. Viwanda ni vilevile. Kwetu kuhamisha huku hakubadilishi sana, kwa kuwa umeme wetu una kaboni kidogo, lakini jirani zetu wa Tanzania wanaanza kuuona. Reli yetu ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi hutumia dizeli, kwa hiyo kaboni yake iko kwenye uchukuzi. Ya kwao kutoka Dar es Salaam, iliyoanza kubeba abiria 2024, inatumia umeme. Kaboni yake, kama ipo, inaandikwa kwa mtambo wa gesi asilia, na inapungua kadiri maji ya Bwawa la Nyerere yanavyochukua nafasi.

Na kwa kuwa wewe ni wa Kitui, nitaje makaa ya mawe ya bonde la Mui. Siku yakichimbwa na kusafirishwa nje, Kenya itaandikiwa methani ya mgodini na dizeli ya mitambo. Kaboni ya kuyachoma itaandikwa kwa nchi itakayoyachoma. Yakichomwa hapa, mambo yanabadilika. Mtambo wa Lamu wa megawati 1,050, ambao Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni yake Juni 2019, ulikuwa uanze kwa makaa ya kuagiza na baadaye utumie ya Mui. Kwa hesabu yangu ya haraka, ukiendeshwa kwa zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake ungetoa kama tani milioni 5 kwa mwaka. Weka hizo juu ya zile milioni 20, kisha chora duara upya. Kipande cha umeme kingevimba mara kadhaa kwa mtambo mmoja.

Sasa, wadi yenu ifanye nini? Kwanza acheni kuitumia michoro ya taifa kama dira ya wadi. Duara la taifa linamfaa waziri anayepanga jinsi ya kutimiza ahadi ya kupunguza asilimia 32 ifikapo 2030, ikilinganishwa na tani milioni 143 zilizotabiriwa endapo lisingefanyika lolote. Wadi haina reli, haina tanuri la saruji. Ina miti, mifugo, maji na majiko. Fedha mnazopewa za FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wananchi mashinani, zimekusudiwa hasa kuwasaidia watu wastahimili ukame, na sioni aibu yoyote kwa wadi ya Kitui kutumia sehemu kubwa kwenye mabwawa ya mchanga na kuacha kaboni iwe faida ya pembeni. Nchi zilizolijaza anga ni nyingine.

Kama mnataka kazi moja yenye uzito wa kaboni, mimi ningechagua mkaa, na ningeanzia kwenye tanuri kabla ya jiko. Marufuku peke yake huhamishia biashara usiku. Kikundi cha wachomaji kilichosajiliwa, chenye tanuri bora na utaratibu wa kukata matawi badala ya kung'oa shina, kinaweza kupata magunia yaleyale kwa miti michache zaidi. Ugumu wake ni kwamba tanuri bora ni ghali na halihamishiki kirahisi kuufuata mti ulipo, na mchomaji akiona anapata zaidi anaweza kukata zaidi. Bila usimamizi wa miti, tanuri zuri linaharakisha tu. Kupanda mukau ni wazo jema, watu wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, hapo Kitui wameufanyia utafiti kwa miaka mingi, lakini ni mti wa mbao na wa subira. Usimwahidi mtu fedha za mwaka kesho. Pampu ya dizeli ya kisima kuibadilisha iwe ya jua ni rahisi kuliko yote na hulipa haraka, hata kama kwenye duara la taifa hamtaonekana.

Kuhusu mifugo, sishauri kamati ipitishe azimio la kupunguza idadi. Chanjo, nyasi zilizohifadhiwa kwa kiangazi, na kuuza mapema kabla ukame haujauma huongeza maziwa na nyama kwa kila mnyama, na methani kwa kila lita inashuka yenyewe. Jumla inaweza isishuke. Semeni hivyo wazi mkiandika mpango.

Kuna mambo siwezi kuyapima kwa maandishi. Mkitaka kujua miti ya wadi yenu inabeba kaboni kiasi gani, mtu lazima aje na utepe wa kupimia mashina; muulizeni afisa wa misitu wa kaunti na kurugenzi ya tabianchi, na mbebe ramani ya wadi pamoja na orodha ya visima, matanuri na masoko ya mkaa, vinginevyo watawapa mpango wa kunakili. Na akitokea mtu na mkataba wa kuuza kaboni ya ardhi yenu, msitie sahihi hapo barazani. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa 2023 inataka miradi ya ardhi ya jamii iwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya jumla ya mwaka uliotangulia. Mtafuteni wakili asiyelipwa na kampuni hiyo, awasomee kwa Kikamba mkataba unadumu miaka mingapi, nani anahesabu miti, na nini kitatokea malisho yakihitajika mwaka wa ukame.